Dira ya Maji: Habari za Kipimo cha Maji Yanayokwenda

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Kinampanda, Wilaya ya Iramba

Natumaini kila mmoja amekwisha keti, ana daftari na kalamu, na mwalimu wa darasa ameandika ubaoni maneno matatu: DIRA, KIPIMO, HITILAFU.

Leo somo letu ni la historia. Lakini si historia ya wafalme na vita. Ni historia ya chombo kidogo kinachofungwa kwenye bomba la maji. Chombo hiki kina uso wa kioo, na nyuma ya kioo mna tarakimu zinazogeuka. Watu wengine hukiita mita. Jina lake zuri la Kiswahili ni dira ya maji.

Kwa nini tujifunze habari zake? Sikilizeni mfano huu. Tuseme katika kijiji fulani kuna kituo cha kuchotea maji. Asubuhi dira inasomeka 1250. Jioni inasomeka 1254. Maana yake uniti 4 za maji zimetoka. Uniti 1 ni lita 1,000. Basi uniti 4 ni lita 4,000. Ndoo moja ni lita 20. Kwa hiyo maji yaliyotoka ni ndoo 200. Lakini mama anayeuza maji kituoni ameleta fedha za ndoo 160 tu. Kamati inamwuliza: "Mama, fedha za ndoo 40 ziko wapi?" Naye anaapa kwamba hakuficha hata senti moja.

Nani anasema kweli, mama au dira? Wengi watajibu upesi: dira haina tumbo, haili fedha, mwizi ni mama. Ngojeni kwanza. Tusikilize historia, halafu tutarudi kwenye kesi hii.

KUPIMA MAJI YALIYOTULIA

Kupima maji yaliyotulia ni kazi nyepesi. Hapa Iramba wazee wetu walipima kwa mtungi na kibuyu. Wakati wa kiangazi, mito inapokauka, akina mama walifukua mchanga wa mtoni mpaka wakapata maji, wakayachota kidogo kidogo kwa kata. Mtungi ulipojaa kila mtu aliona kwamba umejaa. Hapakuwa na ubishi.

Baadaye lilikuja debe. Lilikuwa bati la mafuta ya taa, lenye galoni 4, yaani kama lita 18. Mafuta yakiisha, debe lilichotewa maji na kupimia nafaka. Leo tuna ndoo ya plastiki ya lita 20. Mtungi, debe na ndoo, vyote hupima maji yaliyosimama ndani ya chombo.

Lakini maji ya bombani hayasimami. Yanakwenda. Utayapimaje maji ambayo yamekwisha kupita? Swali hili liliwasumbua watu wenye akili nyingi kwa zaidi ya miaka elfu moja.

BWANA MAJI WA RUMI

Twende kwanza mbali, mpaka mji wa Rumi katika nchi ya Italia. Mwaka 97 baada ya Kristo, Kaisari Nerva alimteua mzee mmoja aitwaye Frontinus kuwa msimamizi wa maji ya mji. Wakati ule mji wa Rumi ulipata maji kwa mifereji mikubwa tisa iliyojengwa kwa mawe. Maji yalitoka vilimani, yakaingia mjini, yakagawiwa kwa visima vya watu wote, kwa nyumba za kuogea, na kwa nyumba za matajiri waliopewa ruhusa.

Frontinus alikuwa mtu wa daftari. Kabla ya kutoa amri yoyote aliomba aone hesabu. Akakuta jambo la ajabu. Daftari la serikali lilionyesha kwamba maji yaliyopokewa ni vipimo 12,755, lakini maji yaliyogawiwa ni vipimo 14,018. Chukueni kalamu mtoe: maji yaliyogawiwa yalizidi yaliyopokewa kwa vipimo 1,263. Je, mtu aweza kugawa kuliko alichopokea?

Basi Frontinus akatoka ofisini. Akaenda mwenyewe kwenye vyanzo, akapima upya. Akaona kwamba maji yaliyoingia kwenye mifereji yalikuwa mengi sana kuliko daftari lilivyosema. Wapi yalikokwenda? Akachunguza mabomba ya mjini, akakuta wizi. Mafundi wa maji walikuwa wametoboa mabomba kwa siri na kuuza maji. Tena kila bomba lilitakiwa kuanza na mdomo wa shaba wenye upana uliowekwa, uliopigwa muhuri. Baadhi ya midomo ilikuwa mipana kuliko haki, na mingine haikuwa na muhuri wowote.

Frontinus aliandika haya yote katika kitabu, nacho kimehifadhiwa mpaka leo. Lakini watu wa elimu waliokisoma kitabu hicho baadaye waligundua jambo jingine. Kipimo chenyewe cha Rumi kilikuwa na kasoro. Warumi walipima upana wa mdomo wa bomba tu. Hawakupima mwendo wa maji. Sasa fikirini: mabomba mawili yenye upana mmoja, moja liko bondeni na maji yake yana nguvu, jingine liko juu na maji yake yanakwenda polepole. Je, yatajaza ndoo kwa wakati mmoja? Hapana. Frontinus mwenyewe aliona kwamba maji yenye mwendo wa kasi huzidisha kipimo, lakini hakuwa na njia ya kuuhesabu mwendo huo. Kwa hiyo sehemu ya upungufu ule ilikuwa ya wezi, na sehemu nyingine ilikuwa ya kipimo kibovu. Wezi walilaumiwa, kipimo hakikulaumiwa.

UPANA NA MWENDO

Miaka 1,500 na zaidi ilipita. Mwaka 1628 mtawa mmoja Mwitalia, Benedetto Castelli, mwanafunzi wa Galileo, alichapisha kitabu kuhusu kupima maji yanayokwenda. Alifundisha kanuni moja fupi. Ukitaka kujua maji mangapi yanapita, chukua upana wa njia yake uzidishe kwa mwendo wake. Tena alieleza kwamba maji yale yale yakipita mahali pembamba, hukimbia zaidi. Ninyi mnaijua kanuni hii hata kama hamkuisoma. Mtoto akiziba nusu ya mdomo wa bomba kwa kidole, maji huruka mbali. Hayajaongezeka, njia imekuwa nyembamba, nayo yamekimbia. Shikeni neno hili, tutalihitaji kwa kesi ya mama wa kituoni.

Baada ya kujua kanuni, watu walitafuta chombo cha kupimia mwendo. Mwaka 1790 fundi Mjerumani, Reinhard Woltman, alieleza gurudumu dogo lenye mapanga, mfano wa pangaboi. Gurudumu likitiwa mtoni, maji hulizungusha. Maji yakienda mbio, huzunguka mbio. Yakienda polepole, huzunguka polepole. Kazi ya mtu ni kuhesabu mizunguko.

Halafu katika miaka ya 1850, Mjerumani mwingine aliyekaa Uingereza, William Siemens, alitengeneza gurudumu la namna hiyo likakaa ndani ya bomba, likaunganishwa na meno ya saa yanayogeuza tarakimu. Sasa hapakuwa na haja ya mtu kukaa na kuhesabu. Dira ilihesabu mchana na usiku. Viwanda vya Ulaya na Marekani vilianza kuzitengeneza kwa wingi, na miji ikaanza kuuza maji kwa kadiri mtu anavyotumia.

Dira nyingi za leo ni wajukuu wa gurudumu lile. Ukifungua moyo wa dira utakuta kigurudumu cha plastiki, chepesi kama ganda la karanga. Maji yanapita, kigurudumu kinazunguka, tarakimu zinageuka. Tarakimu nyeusi huwa ni za uniti, na zile nyekundu ni za sehemu za uniti, yaani lita.

DIRA INAFIKA VIJIJINI KWETU

Mtauliza, kwa nini wazee wetu hawakuona dira katika bomba la kijiji? Sababu ni hii. Baada ya Uhuru, maji ya vijijini yalitolewa bure. Tangu mwaka 1965 Serikali ilichukua gharama zote za kujenga miradi ya maji vijijini. Mwaka 1971 ulianzishwa mpango mkubwa wa miaka 20. Shabaha yake ilikuwa kwamba ifikapo mwaka 1991, kila mwananchi wa kijijini apate maji safi kwa mwendo usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Wakati ule ule wananchi walikuwa wakijifunza kusoma, na mwaka 1973 vikundi vya watu wazima nchini kote vilikusanyika kando ya redio kusikiliza kampeni ya Mtu ni Afya, iliyofundisha pamoja na mambo mengine juu ya maji safi.

Shabaha ile ilikuwa njema. Pampu na mabomba vilifungwa mahali pengi. Lakini pampu inataka mafuta, inataka vipuri, inataka fundi. Fedha za Serikali hazikutosha kutunza kila pampu katika kila kijiji. Mwaka 1991 ulipofika, vijiji vingi vilikuwa bado havina maji safi, na pengine pampu ilikuwapo lakini imesimama. Akina mama walirudi mtoni na kata zao.

Basi mwaka 1991 ilitolewa Sera ya Maji, nayo ikabadilishwa mwaka 2002. Sera ya 2002 ilisema wananchi wa vijijini wawe wenye miradi yao, wachangie, walipie uendeshaji na matengenezo. Ilitaja pia kipimo cha haki ya kila mtu: lita 25 kwa siku, na kituo kimoja kwa watu 250. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha sheria iliyoanzisha Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA, na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii.

Hapo ndipo dira ilipopata kazi kubwa vijijini. Maji yanapolipiwa kwa ndoo, ni lazima pawe na hesabu. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Dira ndiyo daftari la maji. Ikisema uongo kwa kupunguza, mfuko wa kijiji hukauka, na siku pampu ikivunjika hakuna fedha ya kununua kipuri. Ikisema uongo kwa kuzidisha, mtu mwaminifu huitwa mwizi mbele ya majirani zake.

DIRA KATIKA MASHINE YA KULAINISHA MAJI

Kuna dira nyingine ambayo haiuzi maji. Hii hukaa ndani ya mashine. Ili tuielewe, tuzungumze kwanza habari za maji magumu.

Katika nchi yetu ya kati, Singida na Dodoma, maji ya visima vingi virefu hupita katika mawe na kuchukua madini. Yakiwa na madini mengi ya jamii ya chokaa huitwa maji magumu. Ninyi akina mama mnayatambua bila shule. Sabuni haitoi povu upesi. Nguo nyeupe hugeuka kijivu. Ndani ya birika hushika ukoko mweupe. Mwaka 1841 mwalimu mmoja wa chuo cha Aberdeen, Uskoti, aitwaye Thomas Clark, alipata idhini ya njia yake ya kulainisha maji kwa kutia chokaa. Ndiyo, chokaa hutoa chokaa! Chokaa mbichi ikitiwa kwa kadiri, huyashika yale madini yaliyojificha majini, yakazama chini kama unga. Clark huyu huyu alifanya sabuni kuwa kipimo: alihesabu sabuni ngapi yahitajiwa mpaka povu lisimame. Kumbe alifanya kama mama afuaye kisimani, ila yeye aliandika hesabu.

Mwaka 1850 Mwingereza J. Thomas Way alieleza kwamba udongo una tabia ya kubadilishana madini na maji yanayopita ndani yake. Huchukua moja na kutoa jingine, kama watu wa sokoni. Kutoka mwaka 1905 Mjerumani Robert Gans aliitumia tabia hiyo kulainishia maji. Na mwaka 1935 Waingereza wawili, Adams na Holmes, walitengeneza kwa mikono ya binadamu kitu chenye tabia hiyo. Kutokana na kazi yao zimekuja chembe ndogo za plastiki, mfano wa punje za uwele, ambazo hujazwa ndani ya tangi la mashine za leo.

Kazi yake ni hivi. Maji magumu yanapita kati ya punje. Punje hushika madini magumu na kutoa sodiamu, ambayo imo pia katika chumvi ya kula. Maji hutoka laini. Baada ya muda punje hujaa, haziwezi kushika tena. Hapo mashine huzisafisha kwa maji ya chumvi kali. Madini magumu huoshwa na kumwagwa, na punje huwa tayari kwa kazi mpya.

Lakini mashine itajuaje kwamba punje zimejaa? Hapo zamani mtu alifungua koki kwa mkono. Baadaye ikafungwa saa: kila baada ya siku kadhaa, osha. Saa haijui kama wageni wamekuja na maji yametumika mengi, wala haijui kama wenyeji wamesafiri. Ndipo ikawekwa dira. Ndani ya bomba la mashine mna kigurudumu chenye sumaku. Nje ya bomba mna kidude kidogo cha umeme kinachohisi sumaku ikipita. Kidude cha namna hiyo mara nyingi hufanya kazi kwa kanuni aliyoigundua Mmarekani Edwin Hall mwaka 1879, kwamba sumaku huusukuma upande umeme unaopita katika bati jembamba. Kila mzunguko huhesabiwa. Hesabu ikitimia, mashine huosha punje zake.

Sasa, kama kigurudumu kimekwama, hesabu haiendi. Mashine hudhani kwamba hakuna aliyetumia maji. Haioshi. Punje zimejaa, na maji magumu hupita moja kwa moja. Nyumbani hasara ni birika na sabuni. Hospitalini hasara ni kubwa zaidi. Wagonjwa wa figo husafishwa damu kwa mashine inayotumia maji mengi, nayo maji hayo sharti yalainishwe. Mwaka 1967 madaktari wa Marekani walieleza ugonjwa uliowapata wagonjwa wa namna hiyo maji yalipokuwa magumu: kichefuchefu, kutapika, na shinikizo la damu kupanda. Waliuita ugonjwa wa maji magumu. Ndiyo maana mafundi wa hospitali huyapima maji yenyewe mara kwa mara, wasitegemee mashine peke yake.

Neno moja la hadhari. Mashine hii hulainisha tu. Haiondoi chumvi ya maji ya chumvi, wala haiondoi floraidi, yaani madini yanayotia meno rangi ya kahawia katika sehemu za Singida, Arusha na Shinyanga. Haiui vijidudu. Maji ya kunywa bado yachemshwe.

JINSI YA KUCHUNGUZA DIRA

Haya, sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Dira ikishukiwa, iwe ya kituo au ya mashine, anza na majaribio matatu. Hayahitaji chombo cha kigeni.

Jaribio la kwanza ni la bomba lililofungwa. Funga koki zote zilizo mbele ya dira. Itazame dira kwa dakika kumi. Ikiendelea kugeuka, kuna mahali maji yanavuja. Usidharau tone. Koki inayojaza ndoo moja tu ya lita 20 kwa siku, hupoteza lita 600 kwa siku 30, yaani ndoo 30. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Jaribio la pili ni la bomba lililofunguliwa. Fungua koki, maji yatoke kwa nguvu. Dira isipogeuka, kigurudumu kimekwama, au maji yanapita njia nyingine. Mashine ya kulainisha huwa na njia ya pembeni ya kuruka tangi. Hakikisha kwamba koki ya njia hiyo imefungwa. Kisha fungua maji kidogo sana, kama uzi. Dira iliyochakaa hukaa kimya maji yakiwa machache, ndiyo maana tangi linalojazwa kwa matone halionekani katika hesabu.

Jaribio la tatu ni la ndoo, nalo ndilo jaribio kuu. Tafuta ndoo yenye alama ya lita 20. Kama huiamini alama, pima kwa mizani: lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Andika namba ya dira pamoja na lita zake. Jaza ndoo 4. Andika tena namba ya dira. Dira nzuri itaonyesha karibu lita 80. Fanya hivyo mara tatu, siku mbalimbali, watu wawili wakiwa mashahidi.

Kama dira ni ya mashine yako mwenyewe, waweza kuendelea. Chomoa umeme kwanza. Angalia waya wa kile kidude: pengine umechomoka, au panya wameutafuna. Kisha funga maji, fungua koki moja ili nguvu ya maji iishe, utoe kigurudumu. Kisafishe kwa maji na mswaki laini. Usikikwangue kwa kisu. Ukikuta mchanga au kutu, ndiyo sababu ya kukwama. Ukikuta punje za plastiki, basi chujio la tangi limevunjika, na kusafisha kigurudumu peke yake hakutafaa, ita fundi. Kigurudumu kizima huzunguka ukikipuliza kwa mdomo. Ukikwisha kukirudisha, angalia kama namba ya ugumu wa maji uliyoiandika katika mashine ni sawa. Mwisho pima kwa sabuni. Povu likisimama upesi, mashine imepona.

Lakini dira ya kuuzia maji ni jambo jingine. Hiyo ina muhuri. Mtu yeyote asiivunje muhuri, hata akiwa na nia njema, kwa maana muhuri ukivunjika hakuna atakayeamini hesabu tena. Andika matokeo ya ndoo, upeleke kwa kamati na kwa fundi wa RUWASA. Tanzania ina pia Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, na kazi yake ni kuhakiki vipimo vya biashara. Mizani ya dukani na dira ya maji zote zimo katika kazi hiyo.

HUKUMU YA KESI YETU

Sasa turudi kwa mama wa kituoni. Tuseme mwenyekiti wa kamati ni mtu wa busara. Kabla ya kumhukumu mama, aliagiza ndoo. Wakajaza ndoo 4, yaani lita 80. Dira ikaonyesha lita 100. Wakarudia mara ya pili na ya tatu, ikawa vile vile.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Dira ikisema lita 100, maji ya kweli ni lita 80. Basi ikisema lita 4,000, maji ya kweli ni lita 3,200. Gawanya kwa 20. Ndoo 160. Ni zile zile alizolipia mama!

Fundi alipoifungua dira alikuta mchanga umeziba nusu ya tundu la kuingilia. Mnakumbuka kanuni ya Castelli? Njia ilikuwa nyembamba, maji yakakimbia, yakakipiga kigurudumu kwa nguvu kuliko haki, nacho kikazunguka zaidi. Pengine sababu huwa upepo. Mahali ambapo maji hukatika na kurudi, upepo ulio bombani husukumwa kupitia dira, nao huhesabiwa kana kwamba ni maji.

Siku nyingine jaribio la ndoo litaonyesha kwamba dira ni nzima, na kwamba fedha kweli zimeliwa. Hapo kamati itasema bila woga, kwa kuwa ina ushahidi. Jaribio humlinda mwaminifu, nalo humkamata mwizi. Frontinus alifanya nusu ya kazi hii. Alitoka ofisini akapima maji kwa macho yake, lakini hakuwa na njia ya kuupima mwendo wa maji. Sisi leo tunayo, nayo ni ndoo ya lita 20 na watu wawili wanaojua kusoma tarakimu.

Nanyi, ndugu zangu, mmejifunza kusoma tarakimu. Zamani katika kijiji aliyesoma dira alikuwa mtu mmoja, na wengine waliamini neno lake. Darasa hili likimaliza mwaka, watu wote mlio hapa mtaweza kusimama kwenye dira, kusoma, kutoa, kugawanya, na kuuliza swali. Kazi hiyo msimwachie mtu mmoja.

Basi, hapo ndipo mwisho wa somo la leo. Mwalimu wa darasa atawaongoza katika maswali. Kwaherini, mpaka tutakapokutana tena.

MANENO YA KUJIFUNZA

Dira ya maji: chombo kinachohesabu maji yanayopita bombani.
Hitilafu: kasoro inayokizuia chombo kufanya kazi sawasawa.
Kuhakiki: kuchunguza kama jambo au kipimo ni cha kweli.
Maji magumu: maji yenye madini mengi ya jamii ya chokaa, ambayo hayatoi povu upesi.
Muhuri: alama inayofungwa ili chombo kisifunguliwe ovyo.

MASWALI YA DARASANI

1. Frontinus alikuta jambo gani la ajabu katika daftari la maji ya Rumi?
2. Kwa nini si haki kupima maji ya bomba kwa upana wa mdomo wake tu?
3. Asubuhi dira inasomeka 0838, jioni 0841. Ni lita ngapi zimetoka? Ni ndoo ngapi za lita 20?
4. Mmejaza ndoo 5 za lita 20, lakini dira imeonyesha lita 90 tu. Je, dira inazidisha au inapunguza? Ni nani anayepata hasara?
5. Mashine ya kulainisha maji itafanya nini ikiwa kigurudumu cha dira yake kimekwama? Eleza kwa maneno yako mwenyewe.
6. Kazi ya wiki: nendeni watu wawili wawili kwenye kituo cha maji kilicho karibu, mwombe ruhusa kwa msimamizi, mwisome dira asubuhi na jioni, na mwandike hesabu katika daftari.